Makundi Sogozi ya Wagonjwa na Usalama wa Tiba

Mazungumzo ya Ofisa Habari na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Zamani, mzazi wa Mashewa mwenye mtoto anayeugua selimundu alisubiri siku ya kliniki ndipo apate wa kumuuliza. Leo huwauliza wazazi wenzake, hata usiku, katika kundi sogozi la WhatsApp. Hilo ni jambo la heri. Nchini mwetu huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na hakuna mzazi anayestahili kuubeba mzigo huo peke yake. Vivyo hivyo, mkazi wa Kabuku anayetumia dawa za kufubaza VVU aweza kukumbushwa na mwenzake wa Mombo tarehe ya kuchukua dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata hivyo, njia hiyohiyo hupitisha madhara. Mwaka 2011, sifa za kikombe cha Samunge, Loliondo, zilienea nchi nzima. Maelfu walisafiri kukinywa kwa shilingi 500. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa zao. Ujumbe wa namna hiyo leo humfikia mgonjwa kitandani, bila nauli. Anayeacha insulini kwa ushauri wa kundi aweza kupoteza maisha ndani ya siku chache. Anayeacha dawa za VVU huwapa virusi nafasi ya kuongezeka na kujenga usugu.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, asiwepo anayeacha au kubadili dawa kabla ya kumwona mtoa huduma. Wizara ya Afya nayo hutoa ushauri kwa simu namba 199. Pili, dawa inayonadiwa kundini isinunuliwe bila kuhakikisha kuwa imesajiliwa na TMDA. Tatu, tutunze siri. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinalinda habari za mgonjwa. Picha ya kadi ya kliniki ya mwenzako si yako kuisambaza.

Nanyi wahudumu, msiyakimbie makundi haya. Mgonjwa akiuliza nanyi mkanyamaza, atajibiwa na muuza dawa.