Watoto wa Mbwa Wanaofanana: Njia za Kumjua Kila Mmoja

Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalicheka kwanza, nalo ni namna ya kuwatambua watoto wa mbwa waliozaliwa pamoja, huyu asichanganywe na yule. Mtu ataniuliza, "Je, wakikua si watajulikana wenyewe?" Zamani nami nilisema vivyo hivyo, mpaka nikafundishwa na hasara.

Mbwa wangu jike alizaa watoto sita. Wawili walikuwa na madoa, wawili wa rangi ya udongo, na wawili weusi tititi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila jioni nilipokuwa nikirudi, nilichungulia bandani. Kila mara nilimwona mweusi akinyonya kwa nguvu, nikaridhika. Siku ya nne nilimkuta mweusi mmoja amelala pembeni peke yake, mwili umepoa na tumbo limebonyea. Kabla ya usiku alikufa. Ndipo nilipofahamu kosa langu. Mweusi niliyekuwa nikimwona akinyonya siku zote alikuwa yule yule mmoja. Wa pili alikuwa akisukumwa na wenzake, wala sikujua, maana sikuwa na njia ya kusema huyu ni nani na yule ni nani.

Mtoto wa mbwa huzaliwa macho na masikio yamefumba. Macho hufumbuka baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na masikio hufuata baadaye kidogo. Katika majuma ya kwanza hawezi kuupasha moto mwili wake vya kutosha. Joto hulipata kwa mama yake na kwa ndugu zake. Maziwa ya mwanzo yana kinga ya maradhi, nayo huingia mwilini hasa katika siku ile ya kwanza. Basi anayekosa chuchu siku hiyo amekosa chakula, na amekosa na kinga pia. Tena aliyepoa sana hunyamaza, na mwenye haraka humdhania kuwa ameshiba.

Kwa hiyo yafaa tuwatie alama tangu siku ya kuzaliwa. Njia zenyewe ni rahisi.

Kwanza, tazama alama alizozaliwa nazo. Mshike mtoto kwa mikono safi yenye joto, umtazame kifua, tumbo, vidole vya miguu na ncha ya mkia. Angalia pia kama ni dume au jike. Mara nyingi utaona baka jeupe kifuani au kidole kimoja cheupe. Hata mapacha wa asili moja hutofautiana kidogo. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mbwa wawili wa Afrika Kusini waliotoka katika kondo moja la nyuma, nao ndio mapacha wa kwanza wa namna hiyo kuthibitishwa kwa uchunguzi wa vinasaba. Hao nao walipishana kidogo katika mabaka meupe ya miguuni, kifuani na kwenye ncha ya mkia. Lakini usitegemee rangi ya pua, kwa kuwa wengi huzaliwa na pua nyekundu ambayo baadaye hugeuka nyeusi. Na manyoya nayo yaweza kubadilika: mbwa wa aina ya Dalmatian huzaliwa weupe, na madoa yao huanza kuonekana baada ya majuma mawili hivi.

Pili, ikiwa alama za kuzaliwa hazitoshi, tumia uzi laini wa sufu, ule ambao akina mama hufumia sweta. Mmoja mfunge uzi mwekundu shingoni, wa pili wa kijani, wa tatu wa manjano, na kadhalika. Usikaze, ncha ya kidole chako cha mwisho lazima ipite chini yake. Mikia ya uzi ikate iwe mifupi, asije mama au ndugu akanasa jino au ukucha. Kisha uukague kila asubuhi na kila jioni, maana mtoto hukua upesi, na uzi uliomfaa Jumatatu waweza kumkaba Ijumaa. Kamba ya katani, waya na mpira mwembamba visitumike kabisa, kwani hukata shingo.

Tatu, kama waogopa uzi, chukua mkasi ukate manyoya machache tu, bila kugusa ngozi: huyu bega la kulia, huyu la kushoto, mwingine paja la kulia, mwingine la kushoto. Alama hiyo hudumu siku kadhaa, kisha huirudia. Wengine hupaka ukucha mmoja kwa rangi ya kucha, wakingoja ikauke kabisa kabla ya kumrudisha mtoto kwa mama yake. Lakini msiwapake lami, oili ya motokaa wala rangi ya nyumba, kwa sababu mama huwaramba watoto wake mchana na usiku, na sumu itawadhuru wote. Wala msiwakate masikio kwa wembe. Huo ni ukatili usio na faida.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni daftari. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Andika alama ya kila mtoto, dume au jike, na uzito wake siku aliyozaliwa. Halafu mpime kila siku saa ile ile kwa mizani ndogo ya jikoni. Mtoto mwenye afya huongeza uzito kila siku, na kwa kawaida huwa maradufu kati ya siku ya 7 na ya 10. Aliyezaliwa na gramu 300, basi, apaswa kufika gramu 600 hivi. Ukiona mmoja haongezeki, au anapungua, usingoje. Mpashe joto kwanza, polepole, kwani tumbo lililopoa haliwezi kusaga maziwa. Kisha mweke kwenye chuchu yenye maziwa, ndugu zake ukiwa umewatenga kwa muda. Asipopata nguvu, mwite mganga wa mifugo hima.

Daftari hilo lina faida nyingine. Dawa ya minyoo huanza kutolewa watoto wakiwa na umri wa majuma mawili hivi, na kipimo chake hufuata uzito. Pasipo alama, mmoja hupewa mara mbili na mwenzake hapewi kabisa. Na minyoo ya mbwa yaweza kuwaingia hata watoto wetu wanaocheza uani. Vivyo hivyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara humwua. Mwombe mganga wa mifugo aandike katika cheti rangi na alama za kila mbwa, maana chanjo ya mmoja haimkingi ndugu yake, hata wakifanana kama shilingi kwa ya pili.

Mabibi na Mabwana, mbwa wangu alizaa tena, na kwa mara ya pili walikuwamo weusi wawili. Mmoja nilimfunga uzi mwekundu, mwingine wa buluu. Siku ya pili daftari likanionyesha kwamba wa buluu hakuongezeka hata gramu moja. Usiku ule sikulala sana. Nilimpasha moto, nikamnyonyesha kwa mama yake kila baada ya saa mbili, mpaka alipoanza kuvuta mwenyewe. Leo ndiye anayelinda boma langu. Uzi wenyewe ulikuwa kipande nilichokiokota kwenye kikapu cha kufumia cha mke wangu.