Kodi ya Miezi Sita: Sekondari Zetu na Hesabu za Utu Uzima



Walionitangulia kwenye jukwaa hili walianza na nadharia. Mniwie radhi, mimi nitaanza na slipu ya mshahara.

Tumchukue kijana aliyemaliza shahada, akapata ajira katika kampuni binafsi Dar es Salaam kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Nyumbani habari imeshazagaa kwamba mtoto kapata kazi ya laki nane. Mwisho wa mwezi unafika. NSSF inakata asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 720,000 iliyobaki: hadi 270,000 hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi ni asilimia 20. Jumla 60,000. Kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inachukua asilimia 15, na haiihesabu kwenye kilichobaki bali kwenye laki nane nzima: 120,000. Mkononi zinaingia 540,000, na hapo hatujagusa bima ya afya wala ada ya chama cha wafanyakazi.

Laki mbili na sitini zimeondoka na hakuna aliyeiba. Kila makato yana sheria yake, na mengine yatamfaa mwenyewe uzeeni. Sibishani na makato. Ninachouliza ni jambo dogo zaidi: kijana huyu amekaa darasani miaka 13 kabla ya kuingia chuo, asilimia alifundishwa tangu shule ya msingi, halafu slipu ya mshahara anaiona kwa mara ya kwanza siku ambayo jina lililoandikwa juu yake ni lake. Ilikuwaje?

Turudi mwanzo wa mwezi ule, twende naye kutafuta chumba. Anakipata Kimara cha shilingi laki moja kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wapo wanaotaka ya mwaka. Dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha mlango. Hiyo ni 700,000 kabla ya godoro, jiko la gesi na ndoo, na mshahara wa kwanza bado uko mbele mwezi mzima. Akishahamia, kila mwezi LUKU inakata kodi ya jengo kabla ya kumpa uniti, kwa kuwa tangu 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia mita ya umeme. Mwenye kudaiwa kodi ya jengo ni mwenye jengo, si mpangaji. Ni jambo la kuandikwa kwenye mkataba wa pango, kwamba mpangaji atakatiwa kiasi hicho kwenye kodi yake. Lakini nani alimwambia? Mkataba wenyewe, kama upo, ni ukurasa mmoja ulionunuliwa dukani kwa mwuza vifaa vya ofisi, ukajazwa kwa kalamu juu ya goti.

Hizo laki saba zinatoka wapi? Kwa bahati njema zinatoka kwa mjomba. Kwa bahati mbaya zinatoka kwa wakopeshaji wa mitaani tunaowaita kausha damu, au kwenye programu za mikopo za simu ambazo Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza orodha ndefu ya zile zisizo na leseni.

Nimemtaja mjomba, na hapo ndipo hoja yangu ya leo ilipolala. Shule inaamini mambo haya yatafundishwa nyumbani. Nyumbani wanaamini yamefundishwa shuleni, maana ndiko ada na michango ilikokwenda. Katikati anasimama mjomba wa mjini, au shangazi aliyefanya kazi benki, au kaka aliyetangulia chuo. Mwenye watu hao anauliza kwa simu na anajibiwa. Asiye nao analipia kila somo kwa fedha taslimu. Tumepanua milango ya sekondari kwa kiasi cha kujivunia: ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne iliondolewa kuanzia 2016, na ya Kidato cha Tano na Sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mtoto wa Newala na mtoto wa Oysterbay wanafanya mtihani mmoja. Ujuzi wa taratibu za maisha, hata hivyo, bado unarithiwa kama shamba, na wengi hawana cha kurithi.

Wazee waliokaa mstari wa mbele watasema hili si jipya, na ni kweli. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule inayowaandaa wachache watakaoendelea mbele na kuwaacha wengi bila chochote cha kushika. Sote tunakumbuka kilichofuata: mashamba ya shule, mabanda ya kuku, na baadaye michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Kinachosahaulika ni kwamba andiko lile halikutaka wanafunzi walime tu. Lilitaka shule iwe jumuiya ya uzalishaji, wanafunzi waweke hesabu za shamba lao, waone faida na hasara, washiriki kuamua kipato kitumikeje. Sisi tulichukua jembe tukaacha daftari. Shamba likawa mahali pa kumpeleka mchelewaji akapewe hatua zake za kulima, na mahindi yakiuzwa, fedha ilikuwa siri ya ofisi ya mkuu wa shule.

Daftari lile lina bei, na naweza kuitaja. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000. Anayetunza analipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Binti anayeshona nguo Mwanjelwa na kuuza za milioni 5 kwa mwaka anadaiwa 30,000 akiwa na daftari, laki nzima akiwa hana. Kuandika mauzo ya kila siku kunamwingizia 70,000. Sijui kipindi gani cha hisabati kina mfano mzuri kuliko huo, na sijauona katika kitabu chochote cha kiada.

Nimemleta fundi cherehani makusudi. Kuna wenzangu watakaosema slipu ya mshahara ni elimu ya wachache, kwa kuwa vijana wengi hawataajiriwa. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nasema asiyeajiriwa anahitaji zaidi. Mwajiriwa hata asipoelewa makato, mhasibu atayakata. Aliyejiajiri hana mhasibu. Akiwa alisoma kwa mkopo, sheria inamtaka alipe kila mwezi asilimia 10 ya kipato chake au laki moja, na deni hilo halisubiri biashara ichangamke. Afadhali siku hizi, maana ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa 2021. Kabla ya hapo mtu alikuwa analipa na deni linapanda.

Sasa chuo chenyewe. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, na huingia kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni laki sita. Tumezoea kuwacheka: wiki ya kwanza chipsi kuku na simu mpya, wiki ya sita uji na madeni kwa mama ntilie. Kicheko hicho kinanikera. Mtu wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika laki mbili anapewa sita, bila neno, kisha tunashangaa.

Niliwahi kulijaribu zoezi hili na darasa la Kidato cha Sita katika shule moja ya kusini. Niliandika ubaoni 600,000 na siku 60, nikawaomba wapange. Wengi walianza na orodha ya vitu. Binti mmoja, mtoto wa wakulima wa korosho, hakuandika kitu chochote cha kununua. Alichora mstari, akatenga robo akaiandika «isiguswe», kilichobaki akakigawa kwa wiki, si kwa siku. Nilipomuuliza kwa nini isiguswe, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanachemshwa. Alisema mnada unaweza kuchelewa.

Pale nilielewa kitu ambacho vitabu vyetu vya stadi za maisha havijakigusa. Bumu halifanani na mshahara, linafanana na mavuno. Linakuja kwa pamoja, linakwisha polepole, na siku ya kuja kwake haina uhakika. Mamilioni ya watoto wetu wamekulia katika nyumba ambazo mama anajua gunia hili ni la kula hadi Machi na lile ni mbegu. Ujuzi tunao. Shule haijauona kuwa ni ujuzi, kwa sababu haukuja na mwongozo wa mwalimu.

Kuhusu kuchagua masomo nitasema kwa kifupi, ingawa jambo hilo lingeweza kuwa mhadhara wa peke yake. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anachagua tahasusi akiwa na miaka 16 au 17, mara nyingi kwa kufuata rafiki au kwa kuogopa hisabati. Ule mwongozo wa udahili ambao TCU hutoa kila mwaka, unaoonyesha kila shahada inataka ufaulu wa masomo gani, anaufungua baada ya matokeo ya Kidato cha Sita, miaka miwili tangu mlango ulipofungwa. Ningetaka uwe juu ya meza ya Kidato cha Tatu, pamoja na ule wa NACTVET wa stashahada na astashahada. Na mzazi akiusoma wa pili asinune. Mtaani bado tunasema fulani «ameishia VETA», kana kwamba alianguka njiani. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ana kazi nyingi kuliko mikono yake. Tatizo ni kwamba wengi wanamaliza ufundi bila kuambiwa kuwa cheti ni kitu kimoja na leseni ni kingine, wakabaki kuwa vibarua wa mwenye leseni.

Halafu makaratasi. Hapa pananiumiza zaidi, kwa kuwa hapahitaji akili nyingi wala fedha nyingi. Ombi la mkopo linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini, sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha Kidato cha Nne Mohamed, na NIDA wameandika Muhamed. Mtoto ni mmoja, mifumo inaona watu watatu. Hati ya kurekebisha jina inapatikana kwa wakili, lakini si ndani ya siku tatu kabla ya dirisha kufungwa, na mwenye jina yuko kambini JKT. Mwalimu wa darasa angekaa na vyeti vya wanafunzi wake wakiwa Kidato cha Pili, kabla ya kuwasajili kwa mtihani wa taifa, herufi zile zingerekebishwa kwa penseli.

Mtaala ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta mkondo wa amali na kuipa elimu ya biashara nafasi ambayo haikuwa nayo. Naupongeza. Wasiwasi wangu ni kwamba tutaufundisha kama tulivyofundisha mengine: fafanua maana ya mtaji, taja sifa tano za mjasiriamali. Ningependa kuona mtihani unaoambatanisha mkataba wa pango halisi na kumwuliza mtahiniwa ni kifungu gani asikubali kukisaini.

Nani atafundisha? Walimu wenyewe, mtaniambia, wanadaiwa. Wapo walioacha kadi zao za benki mikononi mwa wakopeshaji. Ni kweli, na silioni kuwa kikwazo. Mwalimu anayejua jinsi riba ya asilimia 30 kwa mwezi inavyomla mtu anaijua kwa undani usiopatikana chuoni, na akifuta jina lake kwenye slipu anaweza kuifanyia kazi ubaoni. Mkuu wa shule naye afungue hesabu za shamba na za duka la shule, wanafunzi wazikague kila muhula.

Muda pia upo. Kidato cha Nne wanamaliza mtihani Novemba. Kidato cha Tano kinaanza Julai. Katikati kuna zaidi ya miezi saba ambayo wenye fedha huitumia kwa masomo ya awali ya Kidato cha Tano na wengine kwa kukaa barazani. Majengo ya shule za kata yapo, mabenki yana maofisa, TRA ina dawati la elimu kwa mlipakodi, RITA na NIDA zina ofisi wilayani. Wiki tatu za Februari zinatosha kwa vyeti, slipu, mkataba, daftari la mauzo na miongozo miwili ya udahili. Kitivo chetu kiko tayari kutoa wanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu kuwa wasaidizi, na nimeshamwandikia Makamu Mkuu wa Chuo kuomba nauli yao. Barua iko mezani kwake, na kwa kuwa leo ameketi hapa mbele yenu, namwachia nafasi ajibu.