Mwanga Si Joto



Sisi wa Burnt Forest, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, twaijua baridi ya usiku, na afugaye kuku aijua zaidi. Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu; juma la kwanza ahitaji joto la digrii 32 hadi 35. Kwa hiyo wengi wetu hutundika balbu ndani ya sanduku la vifaranga.

Zamani ilikuwa balbu ya waya mwembamba, ya wati 60. Wati hutuambia balbu yala stima kiasi gani, wala si mwanga wake. Katika zile 60, kama 3 tu zilitoka kuwa mwanga. Nyingine zote zilikuwa joto. Tuliiita taa, kumbe ilikuwa jiko dogo! Siku hizi balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama ule ule. Nyumbani ni baraka, maana malipo hupungua. Lakini katika sanduku la vifaranga yaweza kuleta msiba, kwa maana joto lake halifiki hata sehemu moja katika sita. Mfugaji hutazama, huona kunawaka vizuri, huenda kulala. Asubuhi hukuta vifaranga wamerundikana, wamekufa kwa baridi.

Tena, ukali wa joto si wingi wa joto. Waya wa balbu ya zamani hufika digrii 2,500 hivi, kupita makaa ya jiko; hata hivyo balbu moja haiwezi kulipasha moto kanisa zima. Katika sanduku dogo yatosha, kwa kuwa joto halipotei upesi. Ila tuache nafasi ya hewa, na balbu iwe mbali na maranda, yasishike moto.

Vifaranga wenyewe ndio kipimo. Wakisongamana chini ya balbu, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakihema, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, ni sawa.

Ndugu, nasi tunaweza kusifiwa kwa kung'aa Jumapili, huku jirani yetu akitetemeka. Tusiwaulize wanaotutazama kwa mbali. Tumwulize yeye aliye karibu.

Ee Bwana, utufanye watu wa kupasha wenzetu joto. Amina.