Mtoto Avunjaye Vitu vyake vya Kuchezea: Mazungumzo na Wazazi



Gari ya kuchezea iliyonunuliwa Darajani kwa ajili ya Idi mara nyingi haimalizi siku tatu. Magurudumu yameshang'oka, na mtoto wa miaka miwili anatafuta kilichomo ndani. Mzazi huona uharibifu, mtoto anachunguza. Bado hajatambua kwamba kilichovunjika hakirudi kuwa kizima.

Kumpiga hakumfunzi kutunza, bali humfunza kuficha. Azuiwe mkono kwa upole, na aambiwe kwa maneno machache: "Gari husukumwa, haipigwi chini." Kisha apewe vinavyostahimili: vifuu, mabakuli ya plastiki, mchanga wa uani. Vitolewe viwili au vitatu tu, vingine viwekwe, na vibadilishwe kila wiki. Kilichovunjika kitengenezwe mbele yake, naye ashike uzi. Wala asinunuliwe kipya siku ile ile.

Jambo moja halina subira. Vitu vingi vya kuchezea vyenye taa au sauti huwa na betri ndogo za mviringo. Ikimezwa, betri hiyo huweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Kifuniko kilicholegea kifungwe kwa skrubu, au kitu hicho kiondolewe. Mtoto akishukiwa kumeza betri, asitapishwe. Apelekwe hospitali papo hapo, hata kama halii.

Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini kwa mkono wenye huruma.