Mchango Usiowekewa Jiwe la Msingi



Kila tunapochangishana, ahadi za mabati, saruji na madawati ndizo zinazopigiwa makofi. Ni sawa, watoto hawawezi kusomea juani. Leo naomba niwaombee mchango wa aina nyingine, ule usiowekewa jiwe la msingi.

Tuwatazame jirani zetu wa Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu. Kwa miaka mingi ardhi ya Wahadzabe ilikuwa ikimegwa, kwa kuwa asiyelima wala kufuga alionekana hana eneo. Shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha lilikaa vikao nao, likakaa na wafugaji na wakulima wanaopakana nao, likasaidia kupanga matumizi ya ardhi na kuchora mipaka. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa jina la jamii nzima. Mwaka 2016 Edward Loure wa shirika hilo akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira kwa kazi ya kuzipatia jamii hati za namna hiyo. Leo misitu ya bonde lile inaingiza fedha za hewa ukaa kupitia Carbon Tanzania, na fedha hizo zinalipia walinzi wa msitu, matibabu na masomo ya watoto.

Hayo yote yalianzia kwenye vikao na ramani.

Sasa turudi nyumbani. Kitunguu ndicho kilichotujengea nyumba na kutusomeshea watoto. Lakini lori la vitunguu linalotoka Mang'ola kwenda Arusha au Nairobi limebeba maji ya chemchemi za Qang'dend. Maji hayo hayo ananywesha Mdatoga ng'ombe wake, anayatumia Mhadzabe, na anayasubiri mkulima wa mwisho wa mfereji. Mashamba yakisogelea chemchemi na pampu zikiongezeka, wa mwisho ndiye anayekauka kwanza, na ugomvi huanzia hapo.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Sheria tunayo. Kinachohitaji fedha ni kuifikisha shambani: kupima, kusimika alama za mipaka, kupanda miti ya asili, na kuitisha vikao vya zamu za maji ambavyo mkulima, mfugaji na Mhadzabe wote wana sauti.

Najua mtu atauliza: nikichangia nauli ya mzee kufika kikaoni, mwakani nitaonyeshwa nini? Utaonyeshwa mfereji wenye maji mwezi wa kumi, na majirani wasiofikishana polisi.

Naomba basi, katika kila shilingi 10,000 tutakazochanga leo, 2,000 ziende Qang'dend. Hizo 8,000 zijenge madarasa na zahanati kama kawaida yetu. Lakini chemchemi ikikauka, watu watahama, na majengo hayo tutakuwa tumewajengea popo.

Karibuni tuchange.