Kabla Miguu Haijalegea

Wale watu wanne wa Kapernaumu walitoboa paa ili mwenzao aliyepooza afikishwe. Sisi wa Madimba twambeba wetu lini?

Saratani, hata iliyo adimu, ikihamia mifupa ya mgongo huweza kubana uti wa mgongo. Mgongo huuma, zaidi usiku, miguu hulegea, mkojo huziba. Hapo siku moja ni nyingi. Afikishwe Ligula upesi, apewe deksamethasoni, kisha mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Afikaye angali akitembea, mara nyingi huendelea kutembea; aliyekwisha kupooza ni shida kusimama tena.

Mionzi hiyo haiondoi saratani iliyoenea. Hutuliza maumivu na kuilinda miguu. Utafiti wa Uingereza na Australia wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, baada ya majuma manane, waliopigwa mionzi mara moja tu walitembea karibu sawa na waliopigwa mara tano.

Lakini barazani twasema, “Haponi, nauli ya nini?” Gesi yetu hufika Dar es Salaam kwa bomba, mgonjwa hukosa kiti cha basi. Michango ya msiba haikosi kamwe. Nusu yake ingetangulia, mzee angekwenda msalani kwa miguu yake mwenyewe katika miezi iliyomsalia.