Tuwasikilize Kwanza: Mafunzo kutoka Iximché na Ziwa Atitlán

(Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Katika nchi ya Guatemala kuna magofu yaitwayo Iximché. Hapo ndipo palipokuwa mji mkuu wa Wakaqchikel, mojawapo ya jamii za Wamaya. Wahispania walipokelewa humo kama washirika mwaka 1524. Miezi michache baadaye walidai dhahabu nyingi mno, na wenyeji wakauhama mji wao. Mwaka 1526 Wahispania waliuchoma moto. Lakini nyuma ya mahekalu hayo, hadi leo, Wamaya huja kuwasha moto wa ibada za mababu zao. Kwa hiyo tusiwaite watu waliotoweka.

Kutoka huko njia hushuka hadi Ziwa Atitlán, lililozungukwa na vijiji vya Wamaya. Kusini mwa ziwa upo mji wa Santiago Atitlán, kwao Watz'utujil. Padre Stanley Rother, mtoto wa mkulima kutoka Oklahoma, Marekani, alifika hapo mwaka 1968. Alijifunza lugha yao na kushika jembe pamoja nao. Aliuawa Julai 28, 1981, wakati wa vita. Mwili wake ulirudishwa kwao, ila waumini waliomba moyo wake ubaki Santiago, na upo huko. Mwaka 2017 alitangazwa Mwenye Heri.

Jirani na mji huo ni Panabaj. Oktoba 2005, mvua za kimbunga Stan ziliporomosha tope kutoka mlimani, likafukia mamia ya watu usiku. Misaada ilikuja, na nyumba mpya zikaanza kujengwa palepale Panabaj. Baadaye ikathibitika kwamba eneo lile bado ni la hatari, na ujenzi ukaachwa. Familia zilihamishiwa Chuk Muk, mahali penye mabaki ya makazi ya kale ya Wamaya.

Ndugu zangu, fedha ilikuwapo na huruma ilikuwapo. Kilichokosekana ni kuipima ardhi kabla ya kuweka msingi. Haraka haraka haina baraka.

Basi kamati inapoleta ombi la mradi, ilete pia muhtasari wa kikao cha wanakijiji wenyewe, kilichofanyika kwa lugha yao. Nanyi wafadhili, mnapotoa fedha ya matofali, msisahau fedha ya mpima ardhi. Haionekani kwenye picha, lakini ndiyo inayookoa watu.